Mahali Nilipoandika "Hakuna"

Kabla hujafungua boneti ya gari la mtu, msalimie kwanza mwenyewe. Muulize habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Najua ninyi wakaguzi wa leo mnafika na simu mkononi, mnapiga picha pembe zote nne za gari, mnaondoka. Picha ni nzuri, siikatai. Lakini picha haijawahi kumwona dereva akimeza mate unapokaribia upande wa usukani. Mimi nilikagua magari ya bima, asiransi kama tunavyosema hapa Lubumbashi, mpaka siku magoti yalipokataa kukunjika, na nawaambia batoto bangu: nusu ya kazi hii iko kwenye uso wa mtu.

Aliyenifundisha ni Papa Kabeya. Alikuwa mtu mfupi, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na hakuichafua hata alipolala chini ya lori, maana alikuwa na gunia lake la kulalia alilolikunja vizuri kama leso. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa Kampemba, hapahapa Lubumbashi, akasoma Kampemba, akaoa Kampemba. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza kupewa kazi ya ukaguzi ofisini kwetu, na siku niliyoingia wanaume walicheka. Papa Kabeya hakucheka. Alinitafutia gunia.

"Vero," akaniambia, "gari haisemake bongo. Muntu njo anasemaka bongo." Bongo kwetu ni uongo.

Wiki ya pili nilipitisha teksi moja ambayo mwenyewe aliniapia kwamba viti vyake vyote ni vya kiwandani. Papa Kabeya akainama, akachungulia chini ya kiti cha nyuma, akaniita nisome. Kwenye ubao kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: KWAYA, MSTARI WA PILI. Lilikuwa benchi la kanisa, limekatwa miguu na kufungwa kwa bolti.

"Niambie," akasema kwa upole, "ni kiwanda gani kinatengenezaka gari na kwaya ndani?"

Hakuniaibisha mbele ya mwenye teksi. Alinirudishia kalamu tu, nikaandika upya.

Alinifundisha hasa jambo moja ambalo hata leo litawafaa. Magari mengi ya kwetu yanatoka kusini, kule wanakoendesha kushoto, usukani uko kulia. Mtu akilifikisha hapa anampelekea fundi, fundi anahamisha usukani kuuleta kushoto, na mwenye gari anakuja ofisini akisema lilizaliwa hivyo. Basi usibishane naye. Washa wipa. Kama zinapangusa vizuri upande wa abiria na kumwachia dereva pembe chafu ya kioo, umeshajua. Lisogeze gari mbele ya ukuta, washa taa, uone mwanga unapanda upande gani: ukipanda kushoto, lilitengenezwa kwa barabara za kushoto. Kisha inua zulia la miguuni, pitisha kidole kwenye bati: utakuta kidonda cha tundu la zamani lililozibwa. Mwisho angalia mhimili wa usukani. Kuna mafundi waliouunganisha kwa mnyororo wa pikipiki. Ndiyo, mnyororo wa pikipiki, na watu kumi na wawili wamekaa nyuma wanaimba.

Gari lililobadilishwa si dhambi. Dhambi ni kutoandikisha. Bima inabeba hatari inayoijua. Usipoiambia, siku ya ajali itakuambia kwamba haikufahamu.

Lakini ikaja miaka ambayo hata ukweli haukuwa na dirisha la kupokelewa. Migodi ilisimama. Askari walivunja maduka, na watu wakamalizia yaliyobaki. Noti uliyopokea asubuhi, jioni haikutosha kununua kile ulichokuwa unakiangalia mchana. Sheria yetu ilisema gari lililobadilishwa lipate kwanza cheti cha mafundi wa serikali. Vizuri. Ofisi ya kutoa hicho cheti ilikuwa imebebwa: meza, madirisha, hata mlango. Mlinzi alikuwa bado anakuja kila asubuhi kulinda kuta. Ungemtuma mtu wapi?

Katika miaka hiyohiyo wakaanza kuwafukuza watu wa asili ya Kasai. Jirani aliyekula kwako Jumapili, Jumatatu anakuita mgeni. Mkubwa wetu wa kazi akamwambia Papa Kabeya asitoke tena kwenye ukaguzi, abaki ofisini, asionekane. Baadaye akamwambia abaki nyumbani. Hivyo nikaanza kukagua peke yangu.

Asubuhi moja akaja Kambale. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, anauza maharagwe kwa jumla, mtu wa kanisa, sauti ya chini. Alikuwa amenunua kombi ya kubeba abiria kati ya Ruashi na mjini, kwa sababu maharagwe peke yake hayakulisha tena watu. Niliwasha wipa. Zikamwachia pembe chafu. Nikainua zulia, nikaangalia mhimili. Ulikuwa umekatwa na kulehemiwa. Kazi safi, laini, nadhani fundi alikuwa na mkono mzuri.

"Baba Kambale," nikamwambia, mkono ukiwa juu ya usukani, "hii volan ilihamishwa."

Akatazama viatu vyake. "Mama, sitakatala. Ilihamishwa. Nilienda kutafuta kile cheti mara tatu. Ule mulinzi ananiambia, 'Njoo kesho.' Mama, kesho ya nani? Watoto wangu banakula leo."

Fomu ilikuwa na mstari mmoja: Mabadiliko yaliyofanywa kwenye gari. Kama ningeandika kweli, gari lingelala na familia ingelala nalo. Nikaangalia tena ile kazi safi ya fundi. Nikaandika: Hakuna. Nikasaini. Kambale alinishukuru kwa mikono miwili, na mimi nikaenda nyumbani nikijiona mtu mwema.

Hapa lazima niwaeleze habari ya radar, kwa sababu ninyi mnafikiri kamera za mwendo zimeanza na ninyi, na kwamba ninyi ndio wa kwanza kuonyana kwenye simu, "Jihadharini, wako pale." Wakati ule polisi walikuwa na radar moja, kisanduku juu ya miguu mitatu, waliyoisimamisha kwenye barabara inayotoka Ruashi kuingia mjini. Hakuna kitu kilichopendanisha madereva wa Lubumbashi kama kisanduku kile. Watu waliochukiana kwa kabila, kwa chama, kwa deni la petroli, wote waliwashiana taa: radar mbele! Wengine walipaka mafuta ya mawese kwenye namba ya gari, wakapita kwenye vumbi, namba ikawa ukuta wa udongo. Mmoja aliniambia amemlipa mchungaji aiombee kombi yake isionekane. Nikamuuliza isionekane na polisi tu, au na abiria pia?

Msiwacheke sana. Siku zile dereva aliyesimamishwa hakujua atatoka na nini mfukoni. Hofu yao ilikuwa na sababu. Ila hofu ile iliwafundisha kupunguza mwendo mahali pamoja tu, mita mia moja, kisha mguu chini kufidia muda uliopotea. Mbele ya shule hawakupunguza. Mbele ya soko hawakupunguza.

Jumatatu moja, jua limeshatoka, lori la unga lilikuwa mbele na Kambale nyuma yake. Teksi iliyotoka mjini ikawasha taa. Dereva wa lori akakanyaga breki kwa nguvu zote. Kambale naye akakanyaga, akakata kona kulikwepa, na usukani ukakatika pale palepale kwenye ile kazi safi. Kombi ikaenda ilikotaka. Ilimfuata Mama Feza, aliyekuwa ameketi kando ya barabara akikaanga mikate yake.

Nilifika kama mkaguzi. Nilikuta mafuta ya mikate yamemwagika upande wa pili, Mungu alimkinga na hayo, lakini mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili na walikuwa wanamwinua kwenye kitanda cha mtu, kilichotolewa nyumba ya jirani. Abiria walikuwa na michubuko. Kambale alikuwa bado kwenye kiti chake, anauzungusha usukani, huku na huku, ukizunguka bure kama wa kuchezea. Niliinama nikauona mhimili. Mahali ulipokatika palikuwa panang'aa.

Polisi mmoja wa ile radar alikuja kusimama karibu yangu. Alikuwa amekibeba kisanduku chake mkononi.

"Mama," akasema, "nikuambie kitu. Hii chombo haina pile. Toka mwezi wa kwanza haina pile. Iko sawa mufu ku kilio: haiseme kintu, lakini kila muntu anapita pole."

Sikujua nicheke au nilie. Lori lile liliogopa sanduku tupu, lisilo na betri. Lakini mimi nilikuwa nimesaini karatasi tupu, sikuwa na kinywa cha kumsema yeyote.

Ofisini mkubwa wangu alisoma fomu. "Inasema hakuna mabadiliko. Usukani ulibadilishwa. Mwenye gari alitudanganya. Hatulipi." Akafunga faili. Kwake yeye lilikuwa jambo la dakika tatu, na sheria ilikuwa upande wake.

Nikaenda hospitali. Daktari alisema mguu utapona ukitiwa vyuma na dawa, lakini hospitali haina vyuma wala dawa, anayetaka kutibiwa alete mwenyewe. Mama Feza alikuwa mjane, ana dada mmoja tu, mikate ndiyo iliyokuwa shamba lake. Kando ya kitanda nilimkuta Kambale na chupa ya uji. Alikuwa ameuza maharagwe yaliyobaki kwa ajili ya sindano za siku mbili za kwanza. Mama Feza alikuwa anamgombeza.

"Kunywa na weye! Unaniangalia tu sawa mie njo mufu. Sijakufa. Kunywa!"

Nikamtoa Kambale nje, kwenye baraza. Nikamuuliza kwa nini hajamwambia mkubwa wangu kwamba mimi niliuona ule usukani. Angesema hivyo, labda asingebebeshwa deni lote.

Alinitazama kama niliyemuuliza kitu cha kitoto. "Mama, ulinihurumia. Mie nikuuzishe namna gani kwa mukubwa wako?"

Niliondoka pale. Huruma yangu, ile niliyojivunia, ilikuwa imemfunga yeye mdomo na kumvunja mama wa watu mguu. Nilikuwa ninajua kitu kimoja ambacho Kambale hakukijua: kama mkaguzi wa kampuni aliuona usukani na akanyamaza, basi kampuni yenyewe ilijua. Na kampuni iliyojua haiwezi kusema ilidanganywa. Ingelipa. Ilihitaji tu niandike barua moja kuhusu nafsi yangu.

Sikuiandika. Nilienda kwanza Kampemba, kwa Papa Kabeya.

Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba. Kwenye geti lake mtu alikuwa ameandika kwa chaki neno moja, Bilulu, yaani wadudu. Mke wake alikuwa amelifuta, likarudi, akalifuta tena, sasa alikuwa ameliacha. Walikuwa wanaondoka kwa treni kwenda Kasai, mkoa ambao Papa Kabeya alikuwa ameuona mara mbili maishani, kwenye vilio vya ndugu.

Nilimweleza yote. Nilitegemea anigombeze, maana ni yeye aliyenirudishia kalamu siku ya benchi la kwaya. Alisikiliza, akakaza fundo la kamba, akakaa juu ya godoro.

"Weka jina yangu," akasema.

"Namna gani, Papa?"

"Andika kama ile kombi ililetwa hapa kwangu, ni mie nilikagua, weye ulisaini tu, ni mie niliona, ni mie nilinyamaza. Kampuni italipa. Weye utabakia na kazi. Mie niko naenda, Vero. Batanifanya nini tena? Batanifukuza?"

Alicheka kidogo. Mke wake, aliyekuwa anafunga sahani kwenye nguo, hakucheka. Aliniangalia tu.

Batoto bangu, sitawadanganya. Nilirudi ofisini nikiwa nimekubali. Kila nilivyoupima mpango ule niliona ni mzuri: Mama Feza anatibiwa, Kambale anaokoka na deni, mimi ninabaki na kazi, na aliyeondoka hapati hasara. Nilichukua karatasi. Niliandika herufi tatu za jina lake.

Chumba cha pili, wenzangu wawili walikuwa wanaongea. Hata sikumbuki walikuwa wanaongea nini, nadhani bei ya unga. Lakini nilisikia kichwani sauti zao za kesho: "Mumeona? Hata ule Mukasai wa ukaguzi alikuwa mwizi. Tulisema." Mtu aliyefanya kazi miaka yote bila doa, na doa pekee litakalobaki hapa baada yake ningekuwa nimeliandika mimi, kwa kalamu aliyonifundisha kuishika. Na kule kwake angelibeba godoro na uongo wangu juu.

Nikaichana karatasi. Nikachukua nyingine, nikaandika kwamba mimi, tarehe fulani, niliuona usukani uliohamishwa, niliambiwa ukweli na mwenye gari, na mimi ndiye niliyeandika Hakuna. Nikapeleka kabla mkono haujapoa.

Mkubwa wangu alisoma mara mbili. "Unajua kama uko najifukuza weye mwenyewe?"

"Ndiyo, shefu."

"Na ule Kambale alisema kweli?"

"Alisema kweli, shefu. Mie njo nilisema bongo."

Hakuwa mtu mbaya. Akasema jambo la busara ambalo mpaka leo namshukuru: kwamba kampuni ikiandika hundi, hadi ipite saini zote, itanunua plasta tu. Akamtuma dereva alasiri ileile kwa wafanyabiashara wenye bidhaa, wakanunua vyuma, dawa na pamba, vikaenda hospitali vikiwa vitu, si karatasi. Kisha akaniambia nikabidhi mhuri. Nilisimamishwa bila kuambiwa mpaka lini.

Mama Feza alipona. Mguu mmoja ukawa mfupi kidogo, akatembea na fimbo, na akarudi kwenye mikate yake, ila alihamia upande wa pili wa barabara, nyuma ya mtaro. Kila gari lililopita mbio alilitukana mama yake. Mimi alinisamehe kwa namna yake: alikuwa ananiuzia mikate mikubwa na kuniambia, "Kula, mukaguzi, uone muzuri." Kambale alimtafuta yule fundi, na mimi nikiwa sina kazi tulikaa watatu gereji tukauvunja na kuuunda upya usukani ule, safari hii kwa kiungo cha bolti mbili zinazopenya, siyo kulehemu ncha kwa ncha. Mkumbuke hilo. Kazi ya moto ikiwa laini kwa nje haisemi kitu juu ya ndani. Gonga, sikiliza, na kama ni usukani, dai bolti. Baada ya miezi saba ofisi ikaniita, si kwa sababu walinisamehe, bali kwa sababu hakukuwa na mwingine anayelala chini ya gari. Toka hapo, kwenye mstari ule wa mabadiliko, nilipokosa cheti cha kuambatisha, niliandika nilichokiona na kuongeza: ofisi ya cheti imefungwa. Wengine walipata bima hivyo, wengine walikataliwa, na wachache walinichukia. Lakini hakuna aliyelazimika kunyamaza kwa ajili yangu.

Nimewarukisha kitu. Siku mbili baada ya kukabidhi mhuri nilienda stesheni kumuaga Papa Kabeya. Watu walikuwa wamejaa kuanzia reli hadi barabarani, na magodoro, na masufuria, na mashine za kushona, na wazee wamekalishwa juu ya masanduku. Nilimtafuta saa nzima. Nilimkuta anazunguka behewa walilopangiwa, anachungulia magurudumu.

"Breki mbili zinafanya, mbili zimekufa," akaniambia. "Tungeiandika hivyo."

Nikamwambia kwamba sikuweka jina lake. Nikamwambia niliweka langu, na kwamba sina kazi.

Akachungulia gurudumu jingine. Kisha akasema, "Ulikatala zawadi yangu."

"Ndiyo, Papa."

"Muzuri." Akapangusa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. "Ilikuwa zawadi mubaya. Mama yako pale, muke yangu, alinigombeza usiku nzima juu ya ile."

Mke wake, akiwa amekaa juu ya godoro, alinipa mkono, na hakuuachia haraka.

Treni haikuondoka siku ile. Wala kesho yake. Mimi sikuwa na kazi, kwa hiyo nilikuwa na mchana wote wangu mwenyewe. Nilipika bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa kapenta, nikawapelekea, tukala pamoja kando ya reli. Siku iliyofuata nikapika tena. Papa Kabeya alinifundisha pale stesheni mambo ambayo hakuwa amepata muda wa kunifundisha ofisini: jinsi ya kujua fremu iliyonyooshwa baada ya ajali, jinsi ya kusikia beringi inayokufa. Alichora kwenye vumbi kwa kijiti. Wanaume wengine waliokuwa wanasubiri walisogea kusikiliza, na mmoja akauliza maswali mazuri kuliko yangu.

Siku ya tano nilifika na sufuria yangu kichwani, ingali moto, nikakuta reli tupu. Walikuwa wameondoka alfajiri. Michoro ilikuwa imekanyagwa. Pale walipokuwa wamelaza godoro kulikuwa na familia nyingine, imefika asubuhi hiyo, mama na watoto wanne, na mama alikuwa ananitazama nilivyosimama.

"Yaya, uko natafuta nani?" akaniuliza, kama mtu anayemuuliza dada yake.

Nikaisogelea familia ile. Nikaishusha sufuria, nikaifunua, nikawaambia wanawe wakanawe mikono.